Mkono wa Bodil na Meno ya Villads

Anayesema watoto wote ni malaika hajawahi kulivalisha nguo za mvua kundi zima la watoto wa miaka mitatu asubuhi ya Februari, huku nusu yao wanataka glovu za wenzao na nusu nyingine wameshavua mabuti waliyovalishwa. Mimi nimewahi, ingawa si kazi yangu. Mimi ni mpishi wa chekechea. Kazi yangu ni uji wa asubuhi, mkate mweusi wa mchana, na kuhakikisha asiyetakiwa kula mayai hali mayai. Lakini jiko langu lina dirisha la kioo linaloangalia chumba cha makoti, na mtu akisimama miaka mingi nyuma ya kioo huona mengi kuliko aliyoyaomba.

Niliyekuwa nikimwona zaidi ni Bodil Krogh, ameketi sakafuni.

Bodil alikuwa mlezi pale tangu kabla yangu. Mrefu, mwembamba, nywele nyeupe alizokuwa akizikata mwenyewe, na ilionekana wazi kwamba kazikata mwenyewe. Mtoto akipandwa na hasira, ile ya kujitupa chini na kurusha viatu na kupiga kelele mpaka anakosa pumzi, walezi wengine walikuwa wanatazamana tu, halafu mmoja anauliza Bodil yuko wapi. Mzigo mzito mpe Mnyamwezi, na kwetu Mnyamwezi alikuwa Bodil. Vijana waliotoka chuoni juzi, wenye migongo yao mizima na magoti yasiyolia, wote walimpelekea yeye.

Na yeye hakuwa na makuu. Alikuwa anajishusha taratibu, goti zima kwanza, halafu lile bovu, anakaa karibu na mtoto bila kumgusa, mgongo ukutani chini ya makoti yaliyolowa. Hasemi nyamaza. Hasemi mtoto mkubwa halii. Anangoja. Kelele zikianza kupungua ndipo anamwambia mtoto jina la kilichompata: umekasirika, ulitaka baiskeli nyekundu, mwenzako kaiwahi, na hilo linauma. Halafu anamalizia kwa maneno ambayo kila mtoto wa mji huu aliyepita mikononi mwake anayajua, hata wale wenye ndevu sasa: hasira si kosa, meno ndiyo kosa. Ikiwa ni ngumi, anasema ngumi. Ikiwa ni teke, anasema teke.

Alizaliwa shambani, upande wa Lemvig, kwa wafuga nguruwe. Aliwahi kuniambia, siku moja tunamenya viazi, kwamba kwao hasira ilikuwa mali ya baba peke yake. Baba akikasirika nyumba nzima kimya. Mwingine akikasirika anafungiwa zizini mpaka imwishe. Ndiyo sababu akaisomea kazi hii, alisema, ili watoto nao wapate fungu lao. Nikamuuliza, na fungu lako wewe liko wapi? Akacheka, akaniambia nimenye viazi.

Basi mwaka ninaousimulia Bodil alikuwa amechoka. Sisemi uchovu wa kulala ukaamka mzima, sivyo. Sikio la kushoto lilikuwa limeshaharibiwa na makelele, na alikuwa akigeuza kichwa kama kuku ili akusikie. Jioni anaingia kwenye gari lake na haliwashi. Amekaa tu, mikono kwenye usukani. Mimi nafuta jiko, natoa takataka, narudi, bado amekaa. Mumewe alikwisha kufa, wanawe wako Copenhagen na maisha yao. Kustaafu kulikuwa karibu na kila mtu alimwambia avumilie, umeshafika, Bodil, umeshafika. Ni rahisi kumwambia mwenzio avumilie wakati wewe unakwenda zako kunywa kahawa.

Ndipo akaja Villads.

Villads alikuwa hajatimiza miaka minne. Baba yake, Troels, anafanya kazi kwenye machinjio ya nguruwe. Mama yake, Signe, ni muuguzi. Walikuwa wameachana, na mtoto akawa wa zamu: wiki moja kwa baba, wiki moja kwa mama, Jumatatu ndiyo siku ya kuhama. Wengi hapa Struer wanalelewa hivyo na wanakua vizuri tu, sina ugomvi na hilo. Villads hakuwa miongoni mwao. Alikuwa na vitanda viwili, miswaki miwili, mabuti jozi mbili, na wazazi wawili ambao wakikutana mlangoni kwetu kila mmoja anaangalia saa yake. Kitu kimoja tu ndicho kilichohama naye kutoka nyumba hadi nyumba, chuchu yake ya mpira, ya kijani, aliyoinyonya tangu uchanga mpaka ncha ikatafunika. Ukimpa hiyo, hata katikati ya vurugu, ulikuwa unayaona mabega yake yanashuka.

Asipokuwa nayo aling'ata. Na hakuwa mtu wa kutania na meno. Alimng'ata mgongoni mmoja wa watoto pacha wa kundi lake, kisha wa pili, eti kwa haki. Alimng'ata Ea shavuni, na Ea ni katoto kapole ambako hata nzi kanamwomba radhi. Alama ile ilikaa usoni siku nyingi, na baba wa Ea akaja nayo kama polisi aliyeshika ushahidi.

Kiongozi wetu anaitwa Vibeke. Si mtu mbaya, nisije nikamsingizia. Lakini kiongozi wa chekechea ana wazazi wote shingoni, na wazazi wa waliong'atwa ni wengi kuliko wazazi wa anayeng'ata. Akaja na Bodil kuongea jikoni kwangu, kwa sababu kahawa iko kwangu, nami nikaendelea kukata karoti na kusikia kila kitu. Vibeke alisema neno moja na hakulizungusha: Villads akimng'ata mtoto mwingine, mara moja tu, anahamishiwa kituo maalumu cha mji wa jirani, Holstebro. Teksi itakuwa inamchukua kila asubuhi na kumrudisha kila jioni.

Bodil akageuza lile sikio zima. "Mtoto ana nyumba mbili na zote zinamchanganya. Unataka kumpa ya tatu, na dereva asiyemjua?"

"Sitaki. Nipe njia nyingine."

"Niachie mimi. Mpaka kiangazi."

Vibeke akamwachia, lakini sharti likabaki palepale. Walipoondoka niliona kwamba Bodil hakuigusa kahawa yake, na yule mwanamke haachi kahawa.

Sasa, kwetu mtoto akifika umri ule, chuchu inapelekwa kwenye mti. Mti wenyewe uko kwenye bustani ya mji, upande wa kuelekea maji. Matawi yake yote ya chini yamejaa chuchu, mamia, zimefungwa kwa utepe, nyingine mpya zinang'aa, nyingine za miaka mingi zimeota ukijani na maji ya mvua yamejaa ndani. Mtoto anaipeleka mwenyewe, watu wanabeba keki na vibendera, wanaimba kidogo, chuchu inafungwa kwenye tawi, na tangu hapo ni mali ya mti. Maji yakimwagika hayazoleki. Watoto wanaijua sheria hiyo vizuri kuliko wanavyojua majina yao ya ukoo.

Daktari wa meno alikuwa ameshasema meno ya Villads yanaanza kutoka nje. Troels akasema ni wakati. Signe akasema ni wakati. Jamani, ilikuwa mara ya kwanza mwaka mzima wale wawili kukubaliana jambo, tena wakakubaliana wamesimama pamoja mlangoni, wanatabasamu, na mtoto katikati anawaangalia huyu na huyu kama anayeona miujiza. Bodil alikuwepo. Neno lilikuwa ulimini mwake, aliniambia baadaye, alitaka kuwaambia wangoje, wasimnyang'anye kitu pekee kinachohama naye. Lakini alikuwa amechoka, na alipomwona yule mtoto anavyowatazama wazazi wake, akalimeza.

Nilioka keki mwenyewe. Villads alipanda mabegani kwa baba yake, mama yake akamkabidhi utepe wa buluu, na mtoto akafunga mwenyewe fundo kubwa baya lisilofunguka. Watoto wakaimba. Akashuka ameinua kidevu, akatangaza kwamba sasa yeye ni mkubwa na mti unaweza kunyonya. Tulicheka sote. Ilikuwa Ijumaa nzuri, sitaki kuiharibu kwa kusema haikuwa.

Jumatatu akahama nyumba, na hakukuwa na cha kuhama naye.

Sitaielezea wiki ile yote. Mtoto alikuwa analia kwa namna ya kukutoa machozi huku unatamani uzibe masikio. Alirusha viatu vyake, akamaliza, akarusha vya wenzake. Na kila mara Bodil alikuwa pale sakafuni. Mchana, usingizi ulipomjia na kinywa kilipotafuta kilichozoea, ndipo ilikuwa mbaya zaidi. Lakini wiki ikapita, ya pili ikapita, na hakuna mtoto aliyeng'atwa. Vibeke akaanza kupumua. Akamsifu Bodil mbele ya wote kwenye kikao, akasema haya ndiyo matunda ya uvumilivu. Vijana wa chuoni wakaandika andika.

Mimi nilikuja kujua siri ya hayo matunda kwenye sinki langu. Bodil alikuja kunawa mikono, amechoka mpaka kasahau, akavuta mkono wa sweta juu. Jamani! Kuanzia kifundo mpaka karibu na kiwiko, alama za meno. Nyingine mpya, nyekundu, nyingine zimeshageuka njano. Meno madogo, yamejipanga vizuri.

Nikamuuliza hii nini. Akashusha sweta. Nikamwambia asinifanye mjinga. Ndipo akaniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa kama anayeagiza maziwa, kwamba anamwona mtoto anapotaka kung'ata, kinywa kinaanza kutafuta, basi anaweka mkono wake pale mapema kabla kinywa hakijampata mtu mwingine. Sharti la Vibeke lilisema mtoto. Halikusema mtu mzima.

Niliwaka. Nilimwambia, "Bodil, wewe si mfupa wa mbwa."

"Ni heri mimi kuliko Holstebro."

"Na yeye anapokung'ata, unamwambiaje?"

"Namwambia naona amekasirika."

"Kwa sauti hiyohiyo?"

"Kwa sauti gani nyingine?"

Nilikasirika kwa niaba yake siku nzima, nikaunguza supu. Lakini sikwenda kwa Vibeke, kwa sababu nikienda, Bodil anapelekwa nyumbani na Villads anapelekwa Holstebro, na wote wawili watanipita kwenye kioo changu wakiniangalia.

Haukupita muda Bodil akaniomba ngazi. Ile ndefu ya banda la bustani. Nikauliza ya nini. Akasema anakwenda kuirudisha chuchu. Amefikiri, ameona walikosea wote, na yeye zaidi, maana yeye ndiye aliyejua. Mtoto akiwa na kitu chake atatulia, mkono utapona, kiangazi kitafika. Mambo ya meno yaliyotoka nje yatashughulikiwa na daktari wa meno, ndiyo kazi yake. Nami niliona ni sawa. Nani asingeona? Hakumuuliza Troels, hakumuuliza Signe. Wala haikutupitia kichwani kumuuliza Villads.

Tukaenda asubuhi na mapema kabla ya kufungua, ukungu umeshuka mpaka chini, mimi nimeshika ngazi, mwanamke wa umri wa kustaafu na goti bovu yuko juu anatafuta chuchu moja kati ya mamia. Ukiziona kwa chini zinapendeza. Ukiziona kwa karibu, aliniambia kutoka juu, zinatia kinyaa. Maji yalikuwa yanamwagika kutoka kwenye chuchu za watu na kunidondokea usoni. Mzee mmoja akapita na mbwa wake, akasimama, akatazama juu.

"Umechelewa kuacha, bibi wee," akasema.

"Ngoja nishuke nikutafutie na yako," Bodil akamjibu, na mzee akaondoka anacheka peke yake.

Fundo la Villads lilikataa kufunguka kabisa. Ikabidi Bodil akate utepe kwa kisu changu cha jikoni. Nikaichemsha ile chuchu kwenye sufuria ndogo, mara mbili, mpaka ikarudi kijani chake.

Ilikuwa Jumatatu tena, siku ya kuhama. Troels akamleta mtoto, akambusu haraka, akaondoka. Villads alikuwa tayari ana ule uso. Chumba cha makoti kimejaa. Ea amekaa kwenye benchi palepale ubavuni mwake, anahangaika na buti. Vibeke alikuwa mlangoni anapokea wazazi. Bodil akajishusha sakafuni mbele ya Villads, goti zima, goti bovu, akafungua kiganja.

Mimi niko kwenye kioo, nimeshika mwiko, nimeshaanza kutabasamu.

Villads aliitazama ile chuchu. Hakuichukua. Akauliza, "Umeitoa wapi?"

"Kwenye mti."

"Nani alikwambia uitoe?"

"Hakuna. Nimeona unaihitaji."

Uso wake ukaanza kupanda rangi, shingo, mashavu, masikio. Naujua ule wekundu. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeshika koti la Ea, kalishika tu bila kujua, na shavu la Ea, lilelile, liko pale karibu kabisa na kinywa chake. Vibeke akaona. Alipiga hatua kisha akasimama, kwa sababu hangewahi. Na Bodil, ingawa alikuwa mbele yake, safari hii mkono uliozoea kuwahi ulikuwa umeshika chuchu, haukufika.

Kinywa kikafunguka.

"Ni ya mti!" Villads akapiga kelele mpaka kioo changu kikatetemeka. "Niliupa mti! Mimi mwenyewe! Umeuibia mti!"

Bodil, kwa mazoea, akaanza, "Naona umeka..."

"Najua nimekasirika! Nimekukasirikia wewe! Wewe ndiye umekosea!"

Ea aliacha buti likaanguka. Na Bodil akabaki na lile neno lake nusu mdomoni. Watoto wa miaka yote ile walikuwa wamemlilia, wamempiga, wamemtemea mate. Sidhani kama kuna aliyewahi kumkasirikia na akawa na haki.

"Kweli," akasema mwishowe. "Nimekosea."

"Kwa nini umefanya hivyo?"

Nilimwona anavuta pumzi. Nilidhani atamjibu kama wanavyojibiwa watoto. Badala yake akavuta mkono wa sweta mpaka juu ya kiwiko, akaunyoosha mbele yake, pale mbele ya watoto wote na wazazi wote na Vibeke.

"Kwa sababu ya mkono huu. Unauma, Villads. Usiku nalala nao juu ya mto. Nimechoka, na mimi nimekasirika."

Haikuwa ile sauti yake tulivu ya siku zote. Kwa miaka yote niliyofanya kazi na Bodil Krogh sikuwahi kumsikia akisema amekasirika. Sikujua hata kama angeweza.

Villads aliachia koti la Ea. Akasogea, akaangalia mkono. Akaweka kidole juu ya alama moja, taratibu, halafu juu ya nyingine.

"Ni mimi?"

"Ni wewe."

"Zote?"

"Zote."

Hakuwa akijua. Ndiyo, alijua kwamba anang'ata, lakini kila aliponyanyua kichwa aliikuta sura ileile tulivu na mkono wa sweta umeshashushwa. Atajuaje kwamba ndani yake kuna mtu anaumia? Akaanza kulia, na hakikuwa kile kilio cha kurusha viatu. Alilia kwa sauti ndogo, ameinamisha kichwa, kilio cha mtu mzima kabisa, nikaweka mwiko chini kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa sioni vizuri.

Vibeke akawaondoa wazazi. Akawaambia walezi wawaingize watoto ndani. Akabaki amesimama juu ya Bodil, anaangalia ule mkono. Nilifungua dirisha langu kidogo, sisemi uongo, nilitaka kusikia.

Vibeke akamwambia Bodil kwamba alipaswa kumweleza mapema. Bodil akakubali. Akamwambia kwamba hakuna kazi duniani inayomtaka mtu atoe nyama yake, na kwamba leo, sasa hivi, anakwenda kwa daktari na kisha nyumbani, na harudi mpaka daktari aseme. Bodil akauliza jambo moja tu, na hakuwa anaulizia mkono.

"Na yeye?"

Vibeke alimtazama Villads, aliyekuwa amekaa chini ya makoti anafuta kamasi kwa kofia ya mtu. "Shavu la Ea lilikuwa mbele ya mdomo wake," akasema. "Nilikuwa nimeshaanza kufikiria namna ya kumwambia Troels. Na akatumia mdomo kwa maneno." Akapangusa macho kwa mgongo wa mkono. "Anabaki. Nitakaa naye mimi mwenyewe sakafuni kama itabidi. Lakini wewe huwezi kubaki, Bodil. Umenisikia?"

Bodil alimsikia, kwa sikio zima. Akasema kabla ya daktari kuna kitu lazima akirudishe.

Kwa hiyo tukaenda tena bustanini, Bodil, Villads, na mimi na ngazi yangu, na supu ya mchana ikajijua yenyewe. Ukungu ulikuwa umeinuka. Villads alipanda mwenyewe, Bodil amemshika kiuno, mimi nimeshika ngazi na moyo. Akafunga kwa utepe uliobaki, fundo baya kuliko la kwanza. Akamwamuru Bodil auombe mti radhi. Bodil akaomba, kwa sauti, wapita njia wakisikia, wala sikumwona akiona haya. Villads akasema basi, imetosha.

Wakakaa kwenye benchi. Miguu ya Villads ilikuwa haifiki chini.

"Kesho nikija utakuwepo?"

Bodil alikuwa na desturi moja, hamdanganyi mtoto hata kwa jambo dogo. Siku ile niliomba aivunje.

"Hapana," akasema. "Kesho sipo. Nakwenda kupumzika, na sijui kama nitarudi kabla ya kiangazi. Wewe unabaki, na Ea anabaki, na mpishi yupo na uji wake. Mimi ndiye ninayeondoka."

Nikaona wekundu unapanda tena, shingo, mashavu, masikio. Akaukamata mkono wa Bodil, uleule, kwa mikono yake miwili, akauvuta usoni kwake. Bodil hakuunyang'anya. Nilifikiri, Mungu wangu, leo tena, na hakuna kitu nitakachoweza kumwambia Vibeke.

"Nimekasirika," Villads akasema, kinywa kimegusa sweta. "Nimekasirika sana, Bodil."

"Hata mimi," Bodil akasema.

Mtoto akaushusha mkono mapajani kwake, akauvutia sweta mpaka vidoleni, akaushikilia hapo. Hakuna aliyesema twende. Mvua ilianza kidogo kidogo, nami nikaegemeza ngazi kwenye benchi, nikakaa upande wa pili wa Bodil.